Kuhifadhi tishu za uvimbe wa ubongo kwa ajili ya utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mara. Mengine huulizwa na mgonjwa usiku wa kuamkia upasuaji, mengine na ndugu kwenye korido, mgonjwa akiwa tayari yuko ndani. Tumeanza na ya msingi, yale magumu yako mbele. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na kila benki ina taratibu zake, kwa hiyo tunaposema "kwa kawaida", fomu uliyopewa ndiyo yenye neno la mwisho. Isome kabla hujasaini, hata kama anayekuletea ana haraka.

## Mambo ya mwanzo

1. Benki ya tishu ni kitu gani?

Ni mahali panapohifadhiwa vipande vya mwili vilivyotolewa kwa ridhaa, pamoja na maelezo ya ugonjwa, ili watafiti waweze kuviomba. Wengi wakisikia benki hufikiria friza tu. Friza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumbukumbu: umri wa mgonjwa, picha za MRI, jibu la patholojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini), dawa alizotumia, mionzi aliyopigwa, uvimbe ulirudi lini, aliishi muda gani. Kipande kilichogandishwa vizuri lakini hakina historia humsaidia mtafiti kidogo sana, maana hawezi kujua kama alichokiona kwenye jeni ni cha wale walioitikia dawa au wale ambao dawa haikuwagusa.

Benki yenyewe mara nyingi haifanyi utafiti. Inatunza na kugawa. Mtafiti huandika ombi akieleza anataka kufanya nini na kwa nini, na ombi hupita kwenye kamati ya maadili na jopo la wataalamu kabla ya kichupa kimoja kutoka. Zipo hata benki zisizotegemea friza za kwao: BRAIN UK, inayoratibiwa Southampton, Uingereza, huwaunganisha watafiti na hazina za idara za patholojia za hospitali, ambako tishu zimekaa tangu zilipopimwa.

2. Si kuna panya na seli za maabara? Kwa nini mnataka uvimbe wa mtu?

Panya na seli vinatumika sana, na vitaendelea kutumika. Lakini uvimbe wa mtu si rundo la seli za aina moja. Ndani yake mna seli za saratani, seli za kinga, mishipa ya damu na sehemu zilizokwisha kufa, na katika glioblastoma moja, aina kali ya saratani ya ubongo, seli za upande huu zinaweza kubeba mabadiliko ya jeni ambayo za upande ule hazina. Seli zilizokuzwa kwenye sahani kwa miaka mingi hupoteza sehemu kubwa ya sura hiyo.

Kuna kisa ambacho kila anayefanya kazi hii anapaswa kukijua. Seli zinazoitwa U87 zilianza kukuzwa Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960 kutoka kwa mgonjwa mmoja, zikasambazwa dunia nzima na kutumika katika tafiti nyingi mno za glioblastoma. Mwaka 2016 wanasayansi wa huko huko Uppsala walilinganisha DNA ya seli zinazosambazwa na DNA ya uvimbe wa asili. Hazikulingana. Zilikuwa seli za mtu mwingine, yaelekea mwenye glioblastoma pia, lakini hakuna ajuaye ni nani. Kosa hilo lilijulikana kwa sababu tu kipande cha asili kilikuwa bado kimetunzwa.

3. Kuna kitu chochote kilichowahi kupatikana kutokana na tishu hizi?

Kipo, na tunapenda kujibu swali hili kwa urefu, kwa sababu watu wengi huambiwa "itasaidia sayansi" kisha wanaachwa hapo.

Mwaka 2008 watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani walisoma jeni za sampuli 22 za glioblastoma. Kwenye baadhi yake wakakuta badiliko katika jeni ya IDH1, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama kama chanzo cha saratani. Maabara nyingine zikafungua friza zao na kupima mamia ya sampuli zilizokwisha hifadhiwa. Ikaonekana kwamba badiliko hilo limejaa kwenye astrositoma na oligodendroglioma, aina nyingine mbili za uvimbe wa ubongo, za gredi ya chini (gredi hueleza ukali wa uvimbe), na kwamba wenye nalo huishi muda mrefu zaidi kuliko wasio nalo. Leo hakuna daktari anayeweza kutaja jina kamili la uvimbe wa aina hii bila kupima IDH, na Shirika la Afya Duniani liliingiza kipimo hicho kwenye mfumo wake wa kupanga aina za uvimbe mwaka 2016. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vorasidenib, kidonge kinachozuia kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo iliyobadilika, kwa wagonjwa wa gredi ya 2. Kutoka sampuli 22 hadi kidonge imepita miaka 16.

Kisa cha pili ni cha watoto. Upo uvimbe unaoota kwenye shina la ubongo, mahali panapoendesha kupumua na kumeza. Kwa miongo mingi madaktari waliuogopa kuugusa, wakautambua kwa picha tu, na kwa hiyo maabara hazikuwa na tishu. Sehemu kubwa ya tishu zilizokuja kuvunja ukimya huo ilitolewa na wazazi baada ya mtoto kufariki. Mwaka 2012 makundi ya watafiti yalitangaza kwamba uvimbe mwingi wa aina hii una badiliko kwenye histoni, protini ambazo DNA hujiviringisha kwazo, badiliko ambalo ni nadra kuonekana kwenye uvimbe wa watu wazima. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakijaribiwa dawa zilizobuniwa kwa ugonjwa wa wakubwa. Mwaka 2025 dordaviprone, dawa ya kwanza kwa uvimbe wenye badiliko hilo, iliidhinishwa Marekani.

Kisa cha tatu ni cha utambuzi wa ugonjwa. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa kutoka Heidelberg, Ujerumani, lilitumia takriban sampuli 2,800 kuifundisha kompyuta kusoma alama za kikemikali zilizobandikwa juu ya DNA na kutaja aina ya uvimbe. Walipoijaribu kwa wagonjwa wapya wapatao 1,100, karibu 12% walibadilishiwa jibu walilokuwa wamepewa kwa hadubini. Jibu likibadilika, matibabu nayo huweza kubadilika.

Tuseme na upande wa pili. Anayetoa tishu leo hatoi kwa ajili ya matibabu yake mwenyewe, na yeyote atakayekuahidi hivyo anakudanganya.

4. Uvimbe wangu si saratani. Unafaa?

Unafaa. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ambao mara nyingi si saratani, ndiyo uvimbe unaoongoza kwa wingi kati ya ule unaoanzia ndani ya fuvu, na bado haijulikani vizuri kwa nini baadhi hurudi baada ya kutolewa wote. Benki nyingi hupokea pia saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo kutoka kwenye titi, pafu au ngozi.

Uvimbe adimu ndio unaotafutwa zaidi. Aina za uvimbe wa ubongo zilizotambuliwa ni zaidi ya 100, na hospitali moja inaweza kukaa miaka bila kuona baadhi yake. Ndiyo sababu mitandao kama Children's Brain Tumor Network, yenye makao Philadelphia, hukusanya sampuli za watoto kutoka hospitali nyingi na kuziweka pamoja.

## Siku ya upasuaji

5. Daktari atakata zaidi ili benki ipate?

Hapana. Mpaka wa upasuaji huamuliwa kwa usalama wako na kwa ramani ya ubongo wako. Benki hupokea kile ambacho kingetolewa hata kama benki isingekuwepo, na hupokea baada ya daktari wa patholojia kuchukua kinachomtosha kutoa jibu lako. Kikiwa hakitoshi kwa wote wawili, benki haipati kitu. Kama fomu yako inaomba kipande cha ziada kwa ajili ya utafiti peke yake, huo ni utafiti wa aina nyingine, wenye maelezo yake na hatari zake. Uliza mara mbili.

6. Kipande kinaenda wapi kikitoka kichwani?

Daktari wa upasuaji hukitoa, mara nyingi kikiwa kidogo kuliko punje ya hindi, na muuguzi hukiweka kwenye kikombe kisafi kilichoandikwa. Mfanyakazi wa benki huwa amesimama nje ya mlango na sanduku la barafu. Kitu cha kwanza anachoandika ni saa, kwa dakika: kipande kimetoka lini. Kuanzia hapo seli zimekosa damu na zinaanza kubadilika, jeni nyingine zikiwaka na nyingine zikizimika, na RNA, nakala ya maagizo ya jeni ambayo ni dhaifu kuliko DNA, inaanza kukatika. Benki nyingi hujitahidi kumaliza ndani ya nusu saa.

Baada ya patholojia kuchukua sehemu yake, kinachobaki hukatwa kwa wembe vipande vidogo, kila kimoja kikaingia kwenye kichupa chenye msimbo. Vingine hutumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, kisha hupelekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri au baridi zaidi. Vingine huwekwa kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi tishu, na kuzungushiwa nta kuwa bloku. Hivyo hukaa kabatini kwa miongo bila umeme, ingawa fomalini huikatakata DNA na kuacha makosa ambayo mtafiti lazima ajue kuyatenga. Na kama maabara iko karibu, kipande kimoja hupelekwa kikiwa hai, ndani ya maji yenye virutubisho, ili seli zikuzwe.

Vyumba vingine vya upasuaji vinatumia kifaa kinachovunja uvimbe kwa mawimbi ya sauti na kuufyonza. Makombo yaliyokuwa yakimwagwa na maji machafu sasa huchujwa, na mara nyingi ndani yake mna seli nyingi zinazofaa. Pengine pia mgonjwa hunyweshwa dawa saa chache kabla, na chini ya mwanga wa buluu uvimbe hung'aa rangi ya waridi. Hapo daktari anaweza kuandika kwamba kipande hiki kimetoka katikati na hiki ukingoni. Kwa sababu ya lile tuliloeleza katika swali la 2, maelezo hayo ya mahali yana thamani kubwa.

7. Kama mmepata uvimbe, damu ya nini?

Damu hubeba DNA uliyozaliwa nayo. Bila hiyo, mtafiti akiona badiliko kwenye uvimbe hawezi kujua kama limezuka humo au ulilirithi. Kiasi ni kidogo, vijiko vichache vya chai, na kwa kawaida huchukuliwa kupitia mrija uliokwisha wekewa kwa ajili ya nusukaputi. Maji ya uti wa mgongo huombwa tu pale yanapotolewa kwa sababu za matibabu.

8. Nilichomwa sindano tu, sikufunguliwa fuvu. Je?

Uwezekano ni mdogo. Sindano hutoa nyuzi nyembamba za tishu, na karibu zote huishia kwenye kutafuta jibu lako. Saini kama unapenda. Kikibaki kitu, kitatumika, na damu yako bado ina kazi.

9. Mama alifanyiwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Tumechelewa?

Kwa tishu za kugandishwa, ndiyo. Lakini karibu kila hospitali inayopima uvimbe hubaki na bloku za nta za wagonjwa wake kwa miaka mingi, na bloku hizo zinaweza kuhamishiwa benki au kusajiliwa kwa ridhaa yenu. Pigeni simu idara ya patholojia ya hospitali iliyofanya upasuaji, muwe na tarehe na namba ya faili. Kazi ya Heidelberg iliyotajwa katika swali la 3 ilitegemea sana bloku za namna hiyo.

Na uvimbe ukirudi, ukafanyiwa upasuaji tena, msidhani sampuli ya pili ni marudio. Tutalirudia hilo katika swali la 22.

## Ridhaa

10. Ninasaini nini hasa?

Mara nyingi ni ridhaa pana: unaruhusu tishu na taarifa zako zitumike katika tafiti za baadaye ambazo leo hazijabuniwa, mradi kamati ya maadili izipitishe. Fomu nzuri hukupa vifungu vya kukubali au kukataa kimoja kimoja. Vile vya kusoma kwa makini ni kusomwa kwa DNA yako yote, kupandikizwa kwa seli zako kwa panya, kutumiwa na kampuni za dawa, kupelekwa nje ya nchi, na kupigiwa simu siku za mbele. Unaweza kukubali vinne na kukataa kimoja.

Desturi ya kuomba haikuja yenyewe. Katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, viungo vya watoto waliofariki viliwekwa kwa miaka bila wazazi kujua. Ripoti ya mwaka 2001 iliwatikisa Waingereza, na sheria ya mwaka 2004 ikafanya ridhaa kuwa ndio msingi wa kuhifadhi tishu za binadamu. Wanaouliza kama "mnaweza kuchukua bila kutuambia" hawaulizi upuuzi.

11. Nikikataa, nitatibiwa vibaya?

Hapana. Daktari anayekupasua hapaswi hata kukushinikiza. Ukihisi umeshinikizwa, iambie kamati ya maadili. Namba yake lazima iwe kwenye fomu.

12. Mgonjwa wetu amechanganyikiwa, au hawezi kuongea. Nani anaamua?

Kwanza tuthibitishe kwamba kweli hawezi kuamua. Uvimbe ulio upande wa lugha unaweza kumnyang'anya mtu maneno huku akielewa kila kitu, na tumeona ndugu wakijibu kwa niaba ya mtu anayetikisa kichwa kukataa. Mpeni muda, muulizeni maswali mafupi, tumieni picha. Wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni kupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, na baada ya siku moja au mbili akili hutulia. Anayeshindwa kufuata maongezi Jumatatu anaweza kuyafuata Jumatano.

Kama upasuaji ni wa dharura, benki nyingine huruhusiwa kuhifadhi tishu bila kuzigusa hadi mgonjwa azinduke aulizwe, akikataa, zinaharibiwa. Nyingine hukubali sahihi ya ndugu anayetambuliwa na sheria. Ndugu huyo anapaswa kujibu kile ambacho mgonjwa angekitaka, hata kama yeye mwenyewe anataka kingine.

13. Mgonjwa ni mtoto. Je, yeye anaulizwa?

Mzazi au mlezi ndiye anayesaini, lakini mtoto anayeweza kuelewa huelezwa kwa lugha yake na kuulizwa. Mtoto akisema hataki, benki nyingi huacha, hata kama mzazi ameshasaini, na sisi tunaona ndivyo inavyopaswa. Akifikisha umri wa utu uzima, kwa kawaida benki humtafuta aamue upya. Ukihama au kubadili namba ya simu, wajulishe.

14. Nikibadili mawazo?

Unaandika au unapiga simu, bila kutoa sababu. Kilichobaki kwenye friza kitaharibiwa au utarudishiwa uamuzi juu yake, na hakuna mtafiti mpya atakayepewa. Kilichokwisha tumika hakirudi: matokeo yaliyochapishwa hayafutiki, na data zilizokwisha gawiwa kwa maabara nyingine haziwezi kukusanywa zote. Kama unasitasita, ni afadhali kusitasita kabla ya kusaini kuliko baada.

## Siri, pesa na majibu

15. Watajua ni mimi?

Mtafiti haoni jina lako. Anaona msimbo, na ufunguo unaounganisha msimbo na jina hubaki benki kwa watu wachache. Ufunguo hautupwi, kwa sababu bila huo haiwezekani kuongeza habari za maendeleo yako wala kutekeleza ombi la kujitoa.

Hata hivyo, atakayekuambia kwamba hakuna uwezekano wowote wa kutambulika anakuficha jambo. DNA ni yako peke yako. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa kulinganisha data za vinasaba zilizowekwa wazi na tovuti za kutafuta koo, wangeweza kufikia majina ya watu ambao hawakutajwa popote. Tangu hapo benki nyingi zimefungia data za DNA nyuma ya maombi na mikataba. Sheria nazo zina mipaka: ile ya Marekani ya mwaka 2008 inakataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa sababu ya vinasaba, lakini haigusi bima ya maisha.

16. Nitalipwa? Na nyie mnauza?

Hulipwi, na hutozwi. Mtafiti huweza kutozwa gharama za kutunza na kusafirisha, jambo ambalo ni tofauti na kuuza kiungo, ingawa tunaelewa kwa nini kwa nje linafanana.

Swali zito liko nyuma yake: kampuni ikitengeneza dawa, mimi nitapata nini? Fomu nyingi zinasema wazi kwamba hutapata kitu. Watu hukumbuka habari za Henrietta Lacks, ambaye mwaka 1951 seli za saratani yake ya mlango wa kizazi zilichukuliwa Johns Hopkins bila yeye kujua, zikawa seli za HeLa zinazotumika duniani kote. Familia yake ilikuja kujua zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwaka 2023 ndipo ilipofikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher. Tofauti ya leo ni kwamba unaulizwa. Kuulizwa hakufanyi kifungu hicho kiwe cha haki kwa kila mtu. Kikikukaa vibaya, kikatae au usisaini.

17. Nitapewa majibu ya utafiti?

Kwa kawaida hapana. Utafiti huchukua miaka, na vipimo vya maabara ya utafiti havijathibitishwa kwa ajili ya kumtibu mtu. Kuna jambo moja la kuuliza kabla: wakikuta badiliko la kurithi, kwa mfano kwenye jeni ya TP53 au NF1, ambalo linaweza kuwahusu watoto na ndugu zako, watafanya nini? Benki nyingine hurudisha taarifa kupitia daktari, baada ya kupima upya kwenye maabara ya hospitali. Nyingine hazirudishi kabisa. Na wewe una haki ya kusema hutaki kujua.

18. Sampuli zangu zinaweza kwenda nchi nyingine?

Zinaweza, kama ulikubali. Hutoka na mkataba unaosema zitatumika kwa nini, nani haruhusiwi kupewa, na kinachobaki kirudishwe au kiharibiwe.

## Baada ya kifo, na hali zisizo za kawaida

19. Mgonjwa anaweza kutoa ubongo baada ya kufariki?

Anaweza, na mchango huo una thamani ya pekee. Upasuaji hutoa uvimbe wa siku moja na mahali pamoja. Baada ya kifo, mtafiti anaweza kuona uvimbe ulikofika, jinsi ulivyojipenyeza kwenye ubongo unaoonekana mzima, na ulivyobadilika baada ya dawa zote.

Mipango ifanywe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema. Muda ni mfupi: benki nyingi hutaka ubongo ndani ya saa 24, na chache tu zikipita ni bora zaidi. Mtu mmoja kwenye familia awe na namba ya benki kwenye simu yake, na mwingine awe nayo pia, kwa sababu yule wa kwanza huenda asiweze kushika simu siku hiyo. Ulizeni waziwazi nani analipia usafiri wa mwili.

20. Mwili utaonekana vipi? Na maziko yatachelewa?

Mkato hupita nyuma ya kichwa, kutoka sikio hadi sikio, na hushonwa. Uso hauguswi, na waombolezaji wanaweza kumwona marehemu. Ucheleweshaji huwa wa saa kadhaa. Kama dini yenu inataka kuzika siku hiyo hiyo, iambieni timu wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya msiba. Mara nyingi inawezekana, lakini si kwa kushtukizwa.

21. Je, anaweza kutoa na figo?

Uvimbe unaoanzia kwenye ubongo ni nadra kusambaa nje ya fuvu, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hukubaliwa kutoa viungo, na konea za macho hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Gredi ya uvimbe na upasuaji alioupitia huangaliwa. Timu ya upandikizaji ndiyo inayoamua, na viungo vya kuokoa maisha hutangulia, utafiti hufuata.

22. Ameshapata mionzi na dawa, na sasa uvimbe umerudi. Bado mnautaka?

Tunautaka kuliko ule wa kwanza. Uvimbe uliorudi ni ule ulioshinda matibabu, na kuulinganisha na kipande cha awali cha mtu yule yule ndiyo njia ya wazi ya kuona umeshinda kwa kupita wapi. Jozi kama hizo ni chache, kwa sababu uvimbe ukirudi wagonjwa wengi hawapasuliwi tena. Kama upasuaji wa kwanza ulifanyika hospitali nyingine, taja jina lake na mwaka unaposaini, ili benki iombe bloku (swali la 9).

23. Friza zikizimika?

Imewahi kutokea. Mwaka 2012 friza ya benki moja kubwa ya ubongo nchini Marekani ilipoteza baridi bila kengele kulia, na ubongo wa watu wapatao 150 ukaharibika, sehemu yake ikiwa ya utafiti wa usonji. Benki makini huwa na jenereta, kengele zinazopiga simu za wafanyakazi usiku, na hugawa vichupa vya mtu mmoja kwenye friza mbili au zaidi. Ni halali kabisa kuuliza kama wanafanya hivyo, na ni nani anayepigiwa simu saa tisa za usiku.

24. Benki ikifungwa kwa kukosa fedha?

Fomu inapaswa kusema. Kwa kawaida sampuli huhamishiwa benki nyingine kwa masharti yale yale uliyosaini, au huharibiwa kwa heshima. Kama fomu haisemi chochote, muombe anayekuletea aandike jibu pembeni na kuweka sahihi.